Muvi ya eliani na gugu la Kyoga: kisa cha klabu moja ya mazingira

Mahali na watu wake

Majina yote nimeyaondoa, mwalo (ufuko wa kutua mitumbwi) siutaji, shule siitaji, na vitu viwili vitatu vinavyoweza kumtambulisha mtoto nimevibadilisha. Wazazi wake ndio walioomba hivyo, na walikubali kisa kiandikwe sababu wanataka klabu za shule zingine zisipite njia ile ile. Kazi yangu ni kutembelea klabu za mazingira za mashule, nikaitwa na mwalimu mkuu mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo mengi hapa nimeyakusanya kwa kukaa na wahusika mmoja mmoja.

Mwalo uko Ziwa Kyoga, Uganda. Anayeijua Kyoga anajua sio ziwa la kina, hata pale panapozama zaidi hapafiki mita 6, mikono yake imejaa mafunjo, na maji ya Nile yanaingia upande mmoja yanatokea upande mwingine kuelekea Masindi Port na Karuma, yaani chochote kinachoelea lazima kipite hapo. Watu wa mwalo wamechanganyika sana, kuna wenyeji, kuna wavuvi waliohama kutoka Victoria, kuna maaskari wastaafu, kuna familia za wakimbizi wa Congo na Sudan Kusini zinazotoka kwenye makazi yao kuja kutafuta riziki ziwani, na ndio maana Kiswahili pale kinatembea kuliko lugha yoyote.

Gugu maji walishalizoea. Asili yake ni Amazoni huko Amerika ya Kusini, Kyoga liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980 na Victoria karibu wakati huo huo, na mtu aliyekuwa mkubwa miaka ya 1990 anakumbuka bandari ya Port Bell ilivyokuwa inazibwa na bwawa la Jinja lilivyohangaika nalo. 1993 wakaachiliwa wadudu Kyoga, fukusi wawili wa jamii ya Neochetina, 1995 wakaachiliwa na Victoria, na miaka ile wavuvi wenyewe waliwalea miyaloni. Mzee mmoja wa mwalo huu, nitamwita Mzee tu, alikuwa kati ya waliowalea.

Gugu la pili ni jipya kwao. Ni kariba, Salvinia molesta, kuna wanaoliita Nankabirwa, na Kyoga limeonekana tangu 2013. Halina ua wala mbegu, ni majani madogo ya mviringo yanayokunjwa katikati, juu yana vinywele vinavyofukuza maji, na kila kipande kinachokatika kinaota kivyake. Kule lilikopata jina, kwenye bwawa la Kariba kati ya Zambia na Zimbabwe, lilionekana 1959 na kufika 1962 lilikuwa limefunika karibu kilomita za mraba 1,000. Kwenye mwalo wetu watu walikuwa wanaliona limejibanza kati ya gugu maji, wakadhani ni watoto wake.

Shule ilikuwa imefunguliwa baada ya ule mfungo wa korona, Machi 2020 mpaka Januari 2022. Mtaala mpya unataka wanafunzi wafanye projekti inayogusa maisha ya pale walipo, na mwalimu wa bayolojia, kijana mwenye moto, akaona projekti imelala mlangoni: mwalo umezibwa, mitumbwi haitoki, mama wauza samaki wanangoja mpaka saa tano hawajaona hata mukene (dagaa), watoto wanakatiza kwenye magugu kuchota maji na kichocho ndio hicho kinangoja, sababu konokono wanaokibeba wanajificha vizuri sana kwenye mizizi ya magugu.

Siku ya muvi

Wazo la mwalimu lilikuwa hivi. Mikutano ya mazingira watu hawaji, wakija wanangoja soda. Ila kibanda cha video cha mwalo kinajaa kila jumamosi. Basi akaongea na mwenye kibanda, waoneshe muvi ya maeliani, viumbe wa kutoka sayari nyingine, wanaoivamia dunia, watu waingie bure, VJ, yule anayeisimulia muvi kwa sauti papo hapo, atafsiri kwa Kiswahili badala ya Luganda ili kila mtu ashike, halafu mwisho mwalimu asimame dakika chache aseme jamani, uvamizi kama huu uko hapo nje ziwani. Muvi yenyewe haina haja ya kutajwa, ni zile za kawaida, meli kubwa angani, miji inaungua, shujaa mmoja anapata sehemu ya kupiga, wote wanakufa kwa mkupuo.

Kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Anayejua VJ wa Uganda anajua hawatafsiri neno kwa neno, wanaisimulia upya, wanaingiza majina ya mtaani, na huyu alikuwa fundi. Alishika kipande kimoja akakirudia rudia: hawa wametoka mbali, hakuna aliyewaita, wamekuja kula chakula chenu na kuzaa kwenye nyumba zenu, mtawaangalia tu? Watu wakapiga makofi. Mwalimu aliposimama hakuwa na kazi tena, alisema majitu mmeyaona, sasa nendeni mkaangalie ziwani, na kesho yake asubuhi watu walitoka kwa wingi ambao hata mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) alisema hajawahi kuuona kwa kazi ya bure.

Wiki zilizofuata

Walikatakata kwa panga. Walivuta kwa kamba na mitumbwi, wengine wakalisukuma gugu kwenda katikati ili upepo ulichukue, na lililotolewa likarundikwa pale pale ukingoni kwa sababu kulipeleka juu ni kazi na mikono ilikuwa imechoka. Jioni mitumbwi ilitoka. Watu walifurahi kweli na nisingependa mtu aidharau furaha ile, mama mmoja aliniambia wiki ile ndio alilipa deni lote la duka.

Wakati wa kukata, vijana waliona vidudu vya rangi ya kahawia vimejificha kwenye mashina. Usiku uliopita walikuwa wameona eliani anataga, anaangua vitoto vinavyotambaa gizani. Wakasema hivi ndio vitoto vyake, wakakusanya majani yote yenye vidudu, wakamwagia mafuta ya taa na kuchoma. Mzee alifika moshi ukiwa juu. Alikaa chini. Baadaye aliniambia, "Mwanangu, wale tuliwalea sisi, mimi na marehemu wenzangu, tunawalisha kwa zamu. Miaka karibu thelathini wanafanya kazi hawajaomba mshahara."

Mvua ikaja, ikairudisha rundo lote majini. Na yale maji yaliyobaki wazi hayakukaa wazi, kariba ilikuwa imekatwa vipande vingi kuliko vilivyohesabika, gugu maji lililokuwa linaifunika na kuinyima jua halipo, basi ikatandaa. Ndani ya wiki chache mwalo ukawa kapeti la kijani, dogo kwa urefu ila limebana kiasi kwamba bata anatembea juu yake. Mtaani ikasemwa gugu limejibadilisha sura kama eliani wa muvi, na VJ bila nia mbaya akaingiza hiyo kwenye usimuliaji wake wa wiki iliyofuata.

Mwalimu akahangaika. Aliposikia kwa Mzee habari za fukusi, alienda na wanafunzi kwenye ghuba ya jirani wakakusanya majani ya gugu maji yenye wadudu, wakayarudisha mwaloni wakayamwaga juu ya kariba. Wakangoja. Hakuna kitu. Wadudu walikufa au waliondoka, kariba haikupata hata kovu.

Hapo katikati akatokea mfanyabiashara wa dawa za kilimo, anasema anayo ya kuua magugu, wapulizie wamalize. Kamati ya mwalo iligawanyika, vijana wanataka, wazee hapana.

Na kuna jambo la mtoto, ndilo lililonifikisha mimi pale. Kulikuwa na mvulana wa S2 (sekondari mwaka wa pili), familia yake ilikimbia vita Congo, ng'ambo ya Ziwa Albert. Ni mtoto mtaratibu, lafudhi yake ya Kiswahili ni ile ya kule. Baada ya muvi wenzake wakaanza kumwita eliani. Mwanzo ni utani, halafu yale maneno ya VJ yakamfuata kila mahali, wametoka mbali, hakuna aliyewaita, wamekuja kula chakula chenu, kwenye foleni ya posho (ugali wa shule) wanaimba hivyo akifika. Dada yake mdogo wa primari naye akaanza kuitwa kitoto cha eliani. Akapigana, akaadhibiwa yeye na yule aliyempiga, halafu akaacha shule. Baba yake alipokuja ofisini hakufoka, alisema tu kwamba maneno kama hayo aliyasikia kule kwao kabla nyumba hazijaanza kuchomwa, na mwalimu mkuu akapiga simu jioni ile ile.

Maamuzi, na kwa nini waliamua hivyo

Kuanza na muvi, ulikuwa uamuzi wenye sababu. Hela ya projekti haikuwepo, kibanda kipo, watu wanakipenda. Mwalimu alijua pia kwamba gugu lina shida moja, halitishi. Linachanua zambarau, ni zuri kabisa, watoto wanalichuma. Alitaka watu waone hatari kwenye kitu kinachopendeza, na hilo ni gumu kulifanya kwa ubao na chaki.

Kutomuita afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kukata, hapa sababu yao ilikuwa muda. Walisema ukiandika barua leo majibu ni muhula ujao. Naelewa. Lakini simu ingetosha, maana swali lenyewe lilikuwa fupi: haya magugu ni aina moja au mbili?

Kuikataa dawa, huo ndio uamuzi bora wa kisa kizima na aliutoa Mzee. Alisimama kwenye kikao akasema gugu likifa lote kwa mara moja linazama, linaoza, na kuoza kunamaliza hewa ya majini, ngege (samaki wa jamii ya sato) zitaelea zimekufa na maji hayo hayo ndiyo tunakunywa. Hakutumia neno lolote la kitaalamu na kila alichosema ndicho kinachotokea. Kwenye ziwa lenye kina kifupi kama lile kinatokea haraka.

Na uamuzi wa mwalimu mkuu baada ya baba kuja. Wengi wangemfukuza mwalimu wa bayolojia au wangefunga klabu. Yeye alisema klabu itaendelea, ila lililosemwa mbele ya mtaa mzima litarekebishwa mbele ya mtaa mzima, kibanda kile kile, VJ yule yule, na baba wa mtoto aombwe kama atakubali kuwepo. Alikubali baada ya kufikiri kwa muda.

Jumamosi ya pili

Safari hii haikuwa muvi nzima. Walichagua vipande kutoka War of the Worlds ya 2005 ya Steven Spielberg, na hapa mwalimu alikuwa amefanya kazi yake. Kwenye kitabu cha 1898 cha H. G. Wells ambacho filamu hiyo imetokana nacho, watu wa Mars wanaoivamia dunia walikuja pia na gugu jekundu, linafuata maji, linaziba mito mpaka Thames, halafu lenyewe linaoza kwa magonjwa ya vijidudu vya dunia hii ambavyo halijawahi kukutana navyo. Filamu ya 2005 inalo gugu hilo. Watu wa kibanda walipoona ule uwanda mwekundu walinyamaza kabisa, kisha mtu wa nyuma akasema kwa sauti, hiyo ni kariba hiyo.

VJ akawauliza swali waliloandaa na mwalimu: gugu hili limeuawa na nani? Sio bunduki. Ni vitu vidogo visivyoonekana. Mzee akasimama akiwa na jani la gugu maji lenye makovu ya fukusi, akalipitisha mkono kwa mkono, akaeleza wale waliochomwa ni akina nani.

Afisa wa wilaya naye alikuwepo, na yeye alijibu lile la kariba. Fukusi wa gugu maji anakula gugu maji peke yake, ndio maana aliruhusiwa kuingia nchini, na kwa sababu hiyo hiyo kariba haimhusu. Kariba ina wake, Cyrtobagous salviniae, na huyo haletwi kwa ndoo na wanafunzi, analetwa na watafiti wa serikali baada ya kupimwa. Akasimulia na historia ambayo mimi naona kila klabu ingeijua. Wataalamu wenyewe walishateleza hapa. Miaka mingi walidhani kariba ni gugu lingine linalofanana nalo, Salvinia auriculata, wakaleta Afrika wadudu waliotolewa Trinidad, hawakufanya la maana. 1972 ndipo D. S. Mitchell akalitambua kama spishi yake, 1978 wakapata asili yake kusini mashariki mwa Brazil, wakachukua fukusi wa pale pale, wakamwachilia Ziwa Moondarra huko Australia 1980, na mwaka uliofuata gugu lilikuwa karibu limeisha. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kumjua vizuri unayeshughulika naye.

Halafu likatokea ambalo halikupangwa. Mwanafunzi wa kike aliuliza: kama kila kilichotoka mbali ni adui, mbona tunakula mihogo? Akaendelea, mahindi je, maharage, njugu? Vyote ni vya Amerika. Kibanda kikavurugika kila mtu anaongea. Mvuvi mmoja akasema na mbuta (sangara) je, mbuta sio wa Kyoga, aliwekwa miaka ya 1950, na hata hii ngege kubwa tunayouza sana ililetwa miaka hiyo hiyo, ngege wa kienyeji siku hizi humpati. Ni kweli kabisa. Mbuta aliyemwagwa Victoria alikula nkejje, vile visamaki vidogo vya rangi rangi, mpaka aina zinazokadiriwa 200 zikapotea, na mbuta huyo huyo amesomesha watoto wa nusu ya waliokaa mle kibandani.

Hapo baba wa mtoto akaomba kusema. Yeye kwao ni mvuvi wa Ziwa Albert. Alisema, "Wazee wangu, mbuta ni wa kwetu. Kule anaishi na wengine toka zamani, hajawamaliza. Wanamjua, wana pa kumkimbilia, na wapo wa kumla akiwa mdogo. Hapa mlimmwaga kwa samaki ambao hawajawahi kumuona." Akakaa. Hakusema neno kuhusu mwanawe. Mzee akanyanyuka akaenda kukaa karibu naye, na mimi sijui kikao gani cha amani kingefanya zaidi ya hapo.

Matokeo

Mtoto alirudi shule. Jina halikuisha siku moja, walimu walilazimika kulifuatilia muhula mzima, lakini ule wimbo wa foleni ulikoma baada ya VJ mwenyewe kwenda kusimama mbele ya paredi akaomba radhi, na kwa watoto neno la VJ ni zito kuliko la mwalimu. Dada mdogo alichukua muda mrefu zaidi kuzoea tena, na mama yake anasema mpaka sasa hapendi kibanda.

Gugu maji lilipungua kiasi kwenye mwalo, wadudu walirudi wenyewe kutoka ghuba ya jirani kadri mimea ilivyorudi. Kariba ipo. Kamati imeandika barua wilayani kuomba fukusi wake na afisa amewaambia utaratibu ni mrefu. Sasa hivi wanaitoa kwa mkono kwa kuikomba na chandarua kuukuu kwenye eneo dogo la kutokea mitumbwi, hawaikati, na wanaianika juu kabisa mbali na maji.

Mfanyabiashara wa dawa hakurudi.

Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Muvi ilifanya kazi moja ambayo vipeperushi vya miaka vilishindwa, ilitoa watu nyumbani. Hilo tusilitupe. Shida ni kile ilichowapa mkononi walipotoka.

Muvi ya uvamizi inakupa adui mwenye nia. Anakuchukia, ana mpango, ana sura, ana kiongozi, ukimpata kiongozi umemaliza. Gugu halina nia yoyote. Liko tele kwa sababu tatu tu: wanaolila lilikotoka hawapo hapa, maji yana mbolea nyingi, na sisi tunalibeba. Ukimwambia mtu adui ana nia, anachukua panga. Ukimwambia gugu linakula mbolea, anauliza mbolea inatoka wapi, na pale mwaloni jibu lilikuwa mita chache nyuma yao, mashamba yamelimwa mpaka kwenye maji, wakati kanuni za Uganda zinataka mita 200 ziachwe kwenye maziwa makubwa, Kyoga ikiwemo. Udongo unashuka na mvua, vyoo vinashuka, magugu yanakula. Kwenye wiki zote za vita hakuna aliyegusa jambo hili, na naliona kuwa kosa kubwa kuliko lile la panga.

Muvi inakufundisha pia kwamba kinachotambaa na kutaga ndani ya mwingine ni kibaya. Yule kiumbe wa filamu ya Alien ya 1979, anayemrukia mtu usoni na baadaye kitoto kinapasua kifua, anatisha mpaka leo. Lakini huku duniani yupo nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, Anagyrus lopezi, anafanya karibu kitu hicho hicho kwa vidung'ata vya muhogo, wadudu wadogo wanaoufyonza mmea, anawatagia ndani, buu anawala kutokea tumboni. Vidung'ata hivyo viliingia Afrika kupitia Congo mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikamaliza mihogo nchi baada ya nchi, nyigu akatafutwa Paraguay, akaachiliwa kwanza Nigeria 1981, na Hans Herren aliyeongoza kazi ile alipewa Tuzo ya Chakula Duniani 1995. Mihogo tunayokula inamdai shukrani kiumbe ambaye kwenye muvi tungemkimbia. Vijana waliochoma fukusi hawakuwa wajinga, walitumia walichofundishwa jana yake usiku.

Jambo la tatu sitaki lipite haraka. Lugha ya uvamizi ikishawashwa haichagui. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hakuna nchi ya Afrika inayowazidi, darasani wamo, mwaloni wamo. Ukisimama mbele ya watu ukasema waliotoka mbali wanakula chakula chenu, huwezi kuomba neno lisitoke nje ya bayolojia. Watengenezaji wa filamu wenyewe wanalijua hili, District 9 ya 2009 imewekwa Johannesburg, maeliani wamefungiwa kambini na watu wa mji wanawadharau, na mtazamaji anajua vizuri inaongelea nani. Mwalimu wa kisa hiki sasa hafungui mada na asili ya spishi. Anaanza na inafanya nini: inaziba nini, inaua nini, inalisha nani, nani anaila. Ukianza hivyo muhogo unatoka wenyewe kwenye orodha ya maadui, kariba inabaki, mbuta anabaki kwenye mjadala mgumu ambao anastahili kuwepo, na mtoto wa mtu hayumo kabisa.

Bado kuna kitu ambacho klabu haikukitumia na natamani wangekitumia. Pembeni ya Kyoga kuna viziwa vidogo, Nawampasa ni kimoja, ambako nkejje waliopotea kwenye ziwa kubwa bado wapo. Kilichowaokoa ni mafunjo. Maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo sana, mbuta hawezi kuyavuka, visamaki vinavumilia. Mafunjo yale yale ambayo watu wanayakata ili wapande mpunga ndiyo ukuta. Hii ingekuwa projekti nzuri kuliko ya panga, kwenda na wanafunzi kupima upana wa mafunjo yaliyobaki mwaloni, wapi yamekatwa na nani analima hapo, halafu kuzungumza na wakulima hao ambao wengine ni wazazi wao.

Na upande wa kubeba. Kipande kimoja cha kariba kwenye wavu uliolowa kinatosha kuanzisha ghuba mpya, na wavuvi wa Kyoga wanahama hama na nyavu kwenye boda na pikapu kutoka ziwa moja hadi jingine. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kilikwenda kuziba bwawa la Nalubaale pale Jinja nchi nzima ikakaa giza, kila mtu analikumbuka kwa sababu lilikuwa kubwa na lilionekana. Kipande cha wavuni hakionekani. Kamati ya mwalo, kwa ushauri wa baba yule yule wa Ziwa Albert, imeweka utaratibu kwamba wavu wowote unaotoka au kuingia unakung'utwa na kuanikwa juani mpaka ukauke kabisa, anayesimamia ni Mzee akishirikiana na wanafunzi wawili wa klabu kwa zamu, na mvulana wa kisa hiki amejiandikisha kwenye zamu ya jumamosi.